Amri ni ya Waziri, Matusi Yanamwendea Mama Ntilie

Mwisho wa Julai 2025, Wizara ya Viwanda na Biashara ya Tanzania ilitoa amri: asiye raia haruhusiwi tena kufanya aina 15 za biashara. Kutuma na kutoa pesa kwa simu, kurekebisha simu, saluni, kusafisha nyumba na ofisi, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, uchimbaji mdogo wa madini. Ukishikwa, kuna faini ya mamilioni, kuna jela, na viza yako inafutwa.

Wakenya tukawaka, na sababu ilikuwepo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na Tanzania iliitia sahihi pamoja na sisi. Itifaki hiyo inasema raia wa nchi wanachama anaweza kuvuka mpaka, kufanya kazi na kuanzisha biashara. Kwa hivyo kuuliza "hii amri inakaaje na ile itifaki?" ni swali halali kabisa.

Shida ni kwamba swali halikukaa hapo. Kabla hata siku haijaisha, stori ilikuwa imehama kutoka amri kwenda kwa watu. Watanzania wavivu. Watanzania wana wivu. Watanzania hawajui Kiingereza. Waziri ametia sahihi karatasi Dodoma, halafu anayetukanwa ni mama ntilie wa Kariakoo ambaye hakuulizwa kitu, hakupiga kura kuhusu hiyo amri, na huenda alikuwa akimuuzia Mkenya chakula kila mchana.

Nataka tuongee kuhusu hili, lakini si kwa njia ya "tupendane jamani". Twende kwa historia, kwa sababu kuna stori ambayo sisi Wakenya tuko ndani yake pande zote mbili, na wengi wetu hatukuisoma shuleni.

Nairobi, 1967

Sensa ya 1962 ilihesabu karibu watu 177,000 hapa Kenya wenye asili ya Bara Hindi. Sisi tunawaita wote Wahindi bila kuuliza kama babu zao walitoka Gujarat, Punjab au Goa. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, katiba iliwagawa. Uliyezaliwa Kenya na mzazi wako mmoja pia amezaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Wengine wakapewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, waombe wenyewe.

Wengi hawakuomba. Wengine waliogopa, wengine walitaka kuona mambo yataenda wapi, wengine walichelewa. Na wengi walikuwa na kitu walichokiona kama bima: pasipoti ya Uingereza. Uingereza ilikuwa imewaacha na uraia wake wakati wa uhuru, kwa hivyo waliona mlango uko, hata kama hawajaufungua.

Halafu serikali ya Kenyatta ikapitisha sheria mbili mwaka 1967. Ya uhamiaji ilisema asiye raia lazima awe na kibali ndiyo afanye kazi. Ya leseni za biashara ilisema asiye raia asifanye biashara nje ya maeneo fulani ya katikati ya miji, na kuna bidhaa asiziguse bila ruhusa, zile za kila siku kama mahindi na sukari.

Ebu soma hiyo aya tena, halafu usome amri ya Tanzania ya 2025. Asiye raia. Biashara ndogo. Orodha. Leseni. Wasee, sisi tulikuwa tumeandika hii sheria miaka 58 kabla yao.

Sasa jiulize: mwaka 1967, nyanya yako kule kijijini ndiye aliyeandika hiyo sheria? Alikaa kwa kamati? Angefurahi mtu wa Bombay au London akisema "Wakenya ni watu wa chuki" na kumhesabu naye ndani? Kuna Wakenya walioishangilia, kabisa. Kuna waliotaka hizo duka. Wengi wao hawakuwa na habari, na duka hawakupata.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Ukisema "Wahindi walikuwa wanyonyaji", unamweka wapi Makhan Singh, aliyefungwa na kuzuiliwa na mkoloni kutoka 1950 hadi 1961 kwa sababu ya vyama vya wafanyakazi na kudai uhuru? Unamweka wapi Pio Gama Pinto, aliyezuiliwa wakati wa Mau Mau, akawa mbunge, na kupigwa risasi Nairobi Februari 1965? Neno moja la jumla linawameza wote wawili, na linamwacha yule mfanyabiashara mwizi akijificha ndani ya umati.

London, siku chache za Februari 1968

Baada ya sheria za Kenya, watu wakaanza kuondoka. Ndege zilijaa pale Embakasi. Katika miezi miwili ya kwanza ya 1968, zaidi ya watu 10,000 walitua Uingereza wakiwa na pasipoti za Uingereza.

Magazeti kule yakapiga kelele. Wanasiasa wakaingia woga. Tarehe 22 Februari, waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan wa chama cha Labour, akatangaza mswada. Bunge likaupitisha mbio mbio, na kufika tarehe 1 Machi ulikuwa sheria. Haikufika hata siku kumi. Hapa kwetu hata kuziba shimo la barabara hakuchukui siku kumi.

Sheria hiyo ilisema hivi: ukiwa na pasipoti ya Uingereza, unaingia bila shida ikiwa wewe, mzazi wako au babu yako alizaliwa Uingereza. Kama sivyo, ngoja kwenye foleni ya vocha, 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Haikutaja rangi popote. Haikuhitaji. Mzungu wa Karen mwenye babu wa Scotland alipita. Fundi wa Ngara mwenye pasipoti ya nchi ile ile alibaki nje. Kuna watu waliorushwa kwa ndege kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, kila nchi ikisema "si wetu".

Kama kuna serikali iliyostahili kulaumiwa, ni hiyo. Ilivunja ahadi yake kwa watu wake yenyewe kwa sababu ya rangi, halafu ikajificha nyuma ya neno "babu".

Hapo ndipo mtu anasema: "Umeona? Waingereza wote ni wabaguzi." Lakini angalia nani alisimama wapi.

Duncan Sandys alikuwa waziri wa makoloni wakati Kenya inapata uhuru. Ahadi ilitoka kwa serikali yake. Miaka minne baadaye yeye ndiye alikuwa mbele akitaka mlango ufungwe. Iain Macleod alikuwa waziri wa makoloni kabla yake, chama kimoja, Conservative. Yeye alipiga kura kuupinga mswada, na akamwandikia Sandys barua ya wazi gazetini akisema ahadi ilitolewa na lazima itimizwe. Chama kimoja, kazi ile ile, na mmoja akavunja neno huku mwingine akilishikilia.

Ndani ya serikali yenyewe, George Thomson, waziri wa mambo ya Jumuiya ya Madola, aliupinga mswada kwenye baraza la mawaziri kabla haujatoka nje. Bungeni kulikuwa na David Steel, kijana wa chama cha Liberal, aliyekulia kiasi hapa Nairobi kwa sababu baba yake alikuwa mchungaji. Alipigana na mswada huo na baadaye akaandika kitabu kuuhusu. Waliopiga kura ya kupinga walishindwa vibaya. Lakini walikuwepo, na majina yao yako kwenye rekodi.

Kisha watu 31 walioathirika wakapeleka kesi yao kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1973 tume ikaona kwamba kumbagua mtu namna hiyo kwa rangi yake ni kumdhalilisha, ni kumtendea kama si mtu kamili. Serikali ya Uingereza ilikuwa mshtakiwa. Watu wa Uingereza hawakushtakiwa. Huo ndio mpangilio unaofaa: mwenye mamlaka ndiye anapandishwa kizimbani.

Sawa, na wale walioshangilia?

Hapa ndipo hoja ya "serikali si watu" huwa inachechemea, na tusiikimbie. Uingereza ilikuwa na kura. Serikali iliogopa wananchi, na wananchi wengi kweli walitaka mlango ufungwe. Aprili 1968, mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba mbaya sana dhidi ya wahamiaji pale Birmingham. Bosi wake Edward Heath akamfukuza kwenye timu ya uongozi wa chama. Siku chache baadaye wafanyakazi wa bandari ya London, kama elfu moja hivi, wakagoma na kuandamana hadi bungeni kumuunga mkono Powell. Hawakuwa mawaziri. Walikuwa watu wa kawaida, wa jasho, kama wa Kilindini.

Kwa hivyo hapana, siwezi kukwambia kwamba raia huwa hawana hatia kamwe. Aliyeandamana alaumiwe kwa kuandamana. Lakini angalia kilichofuata.

Agosti 1976, kwenye kiwanda cha kusafisha picha kinachoitwa Grunwick, kaskazini magharibi mwa London, wafanyakazi waligoma kwa sababu ya kunyanyaswa kazini. Wengi wao walikuwa kina mama wenye asili ya Bara Hindi waliotoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Jayaben Desai. Alizaliwa Gujarat, akaishi Tanzania, akaingia Uingereza mwisho wa miaka ya sitini. Mama mfupi, mwenye sari na mkoba mkononi.

Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood, wengi wao wazungu, wakakataa kugusa barua za kiwanda hicho. Kiwanda kiliishi kwa posta, watu walituma filamu kwa barua, kwa hivyo hiyo ilikuwa kukaba koo. Wachimbaji wa makaa ya mawe wakaja kwa mabasi. Julai 1977, maelfu kwa maelfu walijaa kwenye zile barabara ndogo kuwaunga mkono kina mama hao. Na kati ya bendera za vyama vya wafanyakazi kulikuwa na bendera ya wafanyakazi wa bandari ya London. Bandari ile ile iliyomwandamania Powell miaka tisa nyuma.

Mgomo ulishindwa mwaka 1978. Sitaki kukuuzia mwisho mtamu ambao haukuwepo. Lakini jambo limebaki: wale watu wa bandari hawakuwa jiwe. Kama Jayaben Desai angeamua mwaka 1969 kwamba Mwingereza ni Mwingereza tu, hangekuwa na mtu wa kumpelekea karatasi ya kuomba msaada pale Cricklewood. Sheria mbaya haibadiliki yenyewe, na ukishawatukana wote, yule wa ndani ambaye angekusaidia kuibadilisha umempoteza.

Na kama raia hawana kura kabisa?

Twende Kampala, Agosti 1972. Idi Amin anatangaza kwamba Wahindi wana siku 90 waondoke Uganda. Mantiki yake ilikuwa rahisi: kuna wafanyabiashara wanaodhulumu, basi wote waende. Mwalimu aende, daktari aende, mtoto wa darasa la pili aende. Karibu 28,000 waliishia Uingereza.

Nani alimuuliza Mganda wa kawaida? Hakukuwa na bunge. Alilivunja alipopindua serikali 1971. Kulikuwa na waliofurahi kurithi maduka, ndiyo. Lakini Septemba mwaka huo huo, askari waliingia ofisini kwa Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, wakamchukua, na hakurudi. Alikuwa ametoka kuamuru mfanyabiashara Mwingereza aliyeshikwa na jeshi kinyume cha sheria aachiliwe. Yaani wakati Amin anafukuza wageni, Mganda mmoja alisimama na sheria kumtetea mgeni, na akalipa kwa maisha yake. Ukisema "Waganda walifukuza Wahindi" bila kuongeza neno, umemweka Kiwanuka upande wa waliomuua.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuhusu lawama za jumla. Amri ya kufukuza watu na tusi la jumla vinatoka kwa kiwanda kimoja. Vyote viwili vinasema: sihitaji kukujua, nimeshaona pasipoti yako. Amin alisema hivyo kwa Wahindi. Sheria ya 1968 ilisema hivyo kwa kuuliza babu yako alizaliwa wapi. Sisi tukimtukana kila Mtanzania kwa sababu ya amri ya waziri, tunailaani amri huku tumeshika kisu kile kile iliyokatia.

Na sisi je?

Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali yetu ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine. Wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kati yao kulikuwa na wakimbizi wenye karatasi halali, na kulikuwa na Wakenya wenzetu ambao kosa lao lilikuwa sura na jina. Miaka miwili baadaye, 2016, serikali ikatangaza kwamba itafunga kambi ya Dadaab.

Msomali wa Mogadishu au wa Minneapolis angekuwa na haki ya kusema "Wakenya ni watu wabaya"? Wewe uliyekuwa darasa la sita ulishika nani? Mama mboga wa Githurai alifunga geti la Kasarani?

Na tena, ni Wakenya waliokwenda kortini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria walipeleka serikali mahakamani kuhusu Dadaab, na Februari 2017 Jaji John Mativo akaamua kwamba kufunga kambi namna ile ni kinyume cha katiba. Sheria yetu ilimlinda mkimbizi dhidi ya serikali yetu, kwa mikono ya raia wetu. Kama ulimwengu ungeamua Kenya ni Kasarani tu, hawa wote wangefutwa.

Mwaka huo huo, Julai 2017, serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kama jamii ya 44 ya Kenya. Nusu karne baada ya zile sheria mbili. Nchi moja, serikali tofauti, uamuzi tofauti. Kama tabia ilikuwa ndani ya damu ya Wakenya, hiyo ilitokea wapi?

Kwa hivyo tuseme vipi?

Kukosoa sera ya uhamiaji ya nchi nyingine ni haki yako, na mara nyingi ni wajibu. Mkenya anayenyimwa viza bila sababu, anayefungiwa kibanda chake Arusha, asinyamaze. Lakini kabla hujafungua mdomo, jibu maswali matatu.

La kwanza: nani alitia sahihi? Taja ofisi, taja sheria, taja mwaka. "Wizara ilitoa amri Julai 2025, na itifaki ya 2010 inasema hivi" ni sentensi inayouma waziri. "Watanzania wana wivu" haimuumi waziri hata kidogo. Kwa kweli inamsaidia. Anageuka kwa watu wake anawaambia, "Mnaona wanavyotuchukia? Nilifanya vizuri kuwafungia." Tusi lako limekuwa ushahidi wake.

La pili: huyu ninayemsema amefanya nini yeye mwenyewe? Kuna wafanyabiashara wa Kariakoo waliolalamika kuhusu wageni, hasa Wachina, wanaouza hadi rejareja. Unaweza kuwajibu, na unaweza pia kuwasikiliza, kwa sababu malalamiko hayo hayo yako Gikomba na Kamukunji. Aliyeshangilia amri, mjibu kwa alichosema. Ambaye hajasema kitu, huna la kumjibu.

La tatu: nani kule anapinga? Daima yuko. Macleod alikuwepo, Kiwanuka alikuwepo, wale wa posta walikuwepo. Mtafute, msikize, sambaza anachosema. Yeye ana kura pale, wewe huna. Amri ya Dar haitafutwa na Mkenya mwenye hasira wa Umoja, itafutwa na Mtanzania aliyeona kwamba hata yeye ina madhara kwake, kwa sababu na yeye ana shangazi anayeuza mitumba Nairobi na siku moja waziri wetu anaweza kuandika orodha yake.

Na manze, tusijidanganye, anaweza. Tumeshafanya 1967. Siku hiyo ikifika, utataka Mtanzania wa kule aseme "serikali ya Kenya imekosea", na asikutaje wewe. Basi anza wewe kumpa yeye heshima hiyo sasa.